MAJI NI AMANA, NA MWENYE AMANA HUULIZWA



Mara nyingi baada ya swala, hasa katika miezi ambayo mabomba hukauka, swali hili huulizwa misikitini: ikiwa Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, amewafanya Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto, ni kwa sharia gani basi mamlaka ya maji inatuletea ankara kila mwezi? Muulizaji huwa na ghadhabu, na aghlabu ghadhabu yake ina sababu, kwani ankara imefika na maji hayakufika. Lakini swali lenyewe halikuelekezwa pahala pake. Na kwa kuwa masheikh na walimu wetu hatukulijibu sawasawa, watu wawili wamepata mwanya: yule anayeiba maji akidai kuwa ni haki aliyopewa na Mola wake, na yule anayeyafanyia biashara bila ya kumtolea mtu yeyote hesabu.

Mafakihi walikwisha kulitenganisha jambo hili zamani. Maji yakiwa mahali pake, mtoni, ziwani au katika chemchemi, hakuna wa kuyazuia. Mtu akiyateka, akayatia katika chombo chake na kuyabeba, amefanya kazi, naye ameruhusiwa kuuza alichokibeba. Ndiyo maana hatujasikia mwanachuoni aliyemharamishia mchuuzi wa madumu riziki yake. Bomba nalo ni chombo. Maji ya Mto Ruvu ni ya waja wote wa Mwenyezi Mungu, lakini mtambo wa Ruvu Chini uliojengwa mwaka 1976 unakula umeme na dawa usiku na mchana, na maji yake husukumwa makumi ya kilomita mpaka yafike Dar es Salaam. Tunacholipia ni kazi hiyo, na kulipa ni halali, bali ni wajibu.

Basi tukishakubali kulipa, tumeingia katika muamala, na muamala una masharti yake. Hapo ndipo swali la haki linapoanza. Suratul Mutaffifin inafungua kwa kuwatahadharisha kwa adhabu wale ambao wakijipimia kutoka kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Waislamu tumezoea kumsomea aya hizi muuza mchele sokoni. Ni mara ngapi tumemsomea mkurugenzi wa shirika la maji? Mteja anatakiwa kulipa ankara yote, na akichelewa anakatiwa. Lakini yeye akipata maji siku mbili katika juma, hakuna anayekatwa chochote. Mita huzungushwa na hewa kabla maji hayajafika, na hewa hiyo huandikwa katika ankara kuwa ni maji. Msoma mita asipofika huandikwa makadirio, na makadirio hayo sijapata kuyaona yakikosea kwa upande wa kumnufaisha mteja. Mizani iliyopinda ni mizani iliyopinda, iwe ya mbao au ya shaba yenye tarakimu.

Kuna kisa ambacho wakazi wa Dar es Salaam wenye umri wa kukumbuka hawajakisahau, nacho kinafaa kuzingatiwa upya na kila anayesema kuwa dawa ya maovu haya ni kuleta kampuni kubwa kutoka nje, na pia kila anayesema kuwa dawa ni Serikali kushika kila kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Tanzania ilipokuwa ikiomba kupunguziwa madeni chini ya mpango wa nchi masikini zenye madeni makubwa, mojawapo ya masharti iliyowekewa lilikuwa kukabidhi mali za DAWASA mikononi mwa waendeshaji binafsi. Mwishowe mzabuni mmoja tu ndiye aliyebakia katika zabuni ile: Biwater ya Uingereza iliyoungana na Gauff ya Ujerumani. Hao, pamoja na kampuni ya hapa nchini iitwayo Superdoll, wakaunda City Water Services. Mkataba wa miaka 10 ulitiwa saini Februari 2003, na tarehe 1 Agosti 2003 kampuni ikaanza kazi. Nyuma ya mpango mzima ilikuwapo mikopo ya zaidi ya dola milioni 140 kutoka Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Mlipaji wa mikopo ya namna hiyo anajulikana. Si kampuni.

Haukupita muda mrefu mambo yakaharibika. Kampuni ilishindwa kukusanya hata kiasi ambacho shirika la umma lililoitangulia lilikuwa likikusanya. Ada ya ukodishaji iliyopaswa kumlipa DAWASA haikulipwa kikamilifu. Ikaomba masharti yajadiliwe upya na bei ipandishwe. Wasuluhishi wa kimataifa walioichambua kesi hii baadaye waliona kwamba zabuni yenyewe ilipangwa vibaya tangu mwanzo; kwa lugha yetu ya msikitini, mtu aliahidi asichokiweza ili apate kazi. Tarehe 13 Mei 2005 Waziri wa Maji wa wakati huo, Edward Lowassa, akatangaza kuwa mkataba umevunjwa. Tarehe 1 Juni 2005 ofisi zikachukuliwa na viongozi watatu wa kampuni wakaondoshwa nchini. Kazi ikakabidhiwa shirika jipya la umma, DAWASCO. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, na wengi wetu tulishangilia.

Kampuni ikafungua kesi katika kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji kilichopo Washington, ambacho ni chombo katika jumuiya ya Benki ya Dunia, benki ile ile iliyokuwa miongoni mwa wakopeshaji. (Kwa muuza nyama wa mtaani jambo kama hilo tungeliita kwa jina lake.) Asasi tano, tatu kati yake za hapa nchini, yaani LEAT, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Jinsia Tanzania, ziliomba zisikilizwe kwa niaba ya wanywaji wa maji. Hoja yao ilikuwa kwamba anayekuja kuwekeza katika maji amejitwisha wajibu mzito kuliko anayewekeza katika bidhaa nyingine, na kwamba hawezi kudai ulinzi wa sheria huku wajibu huo ameutupa. Februari 2007 wasuluhishi wakawajibu: leteni maandishi yenu. Lakini nyaraka za kesi hawakuonyeshwa, wala hawakuruhusiwa kuingia katika chumba cha kusikilizia.

Hukumu ilitolewa tarehe 24 Julai 2008. Wasuluhishi walisema kuwa Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji uliopo baina yake na Uingereza, kutokana na namna ilivyotenda: matamko ya hadharani, kuondoa msamaha wa kodi, kuingia ofisini na kuwafukuza watu kabla ya njia za mkataba kukamilika. Lakini hawakuamuru fidia hata senti moja, kwa sababu kufikia siku zile kampuni haikuwa tena na thamani ya kulipiwa. Kila upande ukabeba gharama zake. Miezi michache kabla ya hapo, baraza jingine la usuluhishi lilikuwa limekwisha kuamuru kuwa City Water ndiyo iilipe Tanzania takriban pauni milioni 3.

Baadhi ya ndugu husoma matokeo haya wakasema tumeshinda. Mimi naona tofauti. Hebu tutazame ni nani waliokuwamo katika kisa hiki tangu mwanzo hadi mwisho: wakopeshaji, washauri, mawaziri, wanahisa, mawakili, wasuluhishi. Mama wa Manzese mwenye ndoo mbili hakuwamo. Hakuulizwa mkataba ulipoandikwa, hakuonyeshwa ulipotiwa saini, hakuhesabiwa ulipovunjwa, na waliojaribu kumsemea waliachwa mlangoni. Alikuwamo katika jambo moja tu, nalo ni kulipa, na ndoo yake aliendelea kuinunua kwa mchuuzi kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya mwenye bomba nyumbani. Huo ndio ugonjwa. Kubadilisha jina la shirika hakuutibu, na majina yamebadilika: DAWASCO nayo iliunganishwa na DAWASA mwaka 2018.

Wenzetu wataalamu huuita utibabu wake utawala bora na wajibu wa makampuni kwa jamii, utadhani ni elimu iliyoshuka juzi. Tuitazame sira.

Abyad bin Hammal (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akaomba agawiwe chumvi ya Ma'rib, akagawiwa. Alipokwisha kuondoka, mmoja wa waliohudhuria alimweleza Mtume kwamba alichompa mtu yule ni mfano wa maji yasiyokatika, yaani kitu ambacho umma wote unakitegemea na hakihitaji kazi kubwa kukipata. Mtume (s.a.w.) akakirejesha. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi, na katika mapokezi ya Ibn Majah imo ziada yenye mafunzo makubwa: kwamba alimtaka Abyad akirejeshe mwenyewe, naye Abyad akakubali kwa sharti kihesabiwe kuwa ni sadaka yake, na Mtume akamkubalia. Ndani ya kisa kimoja kifupi tunaona kwamba kiongozi anaweza kukosa habari kamili anapotoa mali ya umma. Kwamba alikuwapo mtu barazani, aliyekuwa na uhuru wa kusema. Kwamba uamuzi ulibadilishwa maslahi ya watu yalipodhihiri. Na kwamba aliyenyang'anyika haki hiyo hakudhalilishwa. Suratul Maida inaanza kwa kuamrisha kutimiza mikataba, na amri hiyo haikumtoa yule tusiyempenda. Mkataba wa 2003 ulistahili kuvunjwa. Namna ulivyovunjwa ndiyo iliyompa aliyekosa nafasi ya kusimama mbele ya wasuluhishi kama aliyeonewa.

Na kuna kisima cha Ruma. Waislamu walipohamia Madina, maji matamu yalikuwa haba, na kisima hicho kilikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa akiuza maji yake. Riwaya zinatofautiana kuhusu mtu huyo alikuwa nani, na kuhusu bei, zikitaja dirhamu 20,000 na nyingine 35,000. Zinachoafikiana ni kuwa Mtume (s.a.w.) hakuwaamuru watu wakivamie kisima, wala hakuwaambia masikini wavumilie kiu. Alitafuta mnunuzi, akaahidi Pepo, na Uthman bin Affan (r.a.) akakinunua na kukifanya waqfu. Lakini tuangalie sharti lililoambatana na ahadi ile: ndoo ya mnunuzi iwe sawa na ndoo za Waislamu wengine. Aliyetoa dirhamu zote hizo hakupewa foleni yake.

Ningependa sharti hilo liandikwe katika kila mkataba wa maji. Wale wanaoamua mgawo wa maji wakae katika mgawo huo huo. Mwaka 2022, mwezi Oktoba, Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikatangaziwa mgawo, mitaa iliyokuwa na matangi makubwa na visima vyake haikujua kiu. Kiu ilikaa kule kulikokaa siku zote. Mwenyezi Mungu aliwapa Thamud zamu ya maji baina yao na ngamia, kama ilivyo katika Suratul Qamar, aya ya 28, na zamu ile ilijulikana na kila mmoja. Waliokosa subira ya kugawana na mnyama waliangamizwa. Ratiba ya mgawo inayotangazwa na kisha isifuatwe, mtaa huu ukapata kwa kuwa anakaa fulani na ule ukakosa, haitofautiani sana na jambo hilo.

Haya ya makampuni na mamlaka ni rahisi kuyasema, kwa kuwa wao wako mbali. Ninaogopa kurudi nyumbani, lakini ni lazima turudi.

Ripoti za EWURA, mdhibiti aliyeanza kazi mwaka 2006, zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka za mijini hupotea bila ya kulipiwa. Sehemu kubwa huvujia ardhini kwa sababu ya mabomba mabovu, na hilo ni jukumu la mamlaka. Sehemu nyingine huibwa. Miongoni mwa wanaoiba wamo watu wa safu ya kwanza, na katika miji yetu imo misikitini mabomba ya udhu ambayo hakuna anayependa kueleza yameunganishwa wapi. Ndugu Waislamu, tunajua kuwa Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kiasi cha mudd moja, yaani ujazo wa viganja viwili. Sisi tunafungulia bomba mpaka tumalize mazungumzo. Na maji yenyewe yakiwa ya wizi, tatizo si israfu peke yake. Wanazuoni walio wengi wanasema kuwa udhu wa maji yaliyoporwa unasihi na mwenye kutawadha ana dhambi. Ama kauli mashuhuri katika madhehebu ya Imam Ahmad ni kwamba hausihi kabisa. Imamu anayesimama mbele ya watu mia nne kwa udhu unaokhitalifiwa namna hiyo, huku kamati ikijua, ana jambo la kuitisha kikao leo hii kabla ya Isha.

EWURA hiyo hiyo, kabla ya kuidhinisha bei mpya, huitisha mikutano ya hadhara kupokea maoni ya watumiaji. Ni baraza la Abyad limefunguliwa, na yeyote anaweza kusema kuwa kilichotolewa ni maji yasiyokatika. Wangapi kati ya viongozi wa misikiti yetu wamewahi kuhudhuria? Tunalalamika kwenye mimbari, mahali ambapo anayelalamikiwa hayupo, kisha siku ya mkutano viti vinabaki vitupu na bei inapitishwa kihalali kabisa.

Kisha viko visima vyetu wenyewe. Ndugu zetu wa Ghuba na wafadhili wengine wametuchimbia visima vingi, Allah awalipe, kwa kuwa wanajua hadithi ya Saad bin Ubada aliyemchimbia mama yake kisima baada ya kufa kwake. Kwenye kila kimoja kuna kibao cha marumaru chenye jina la marehemu. Nimepita vijijini nikaviona vibao vinang'aa na pampu imekufa, kwa sababu aliyetoa kisima hakutoa fungu la matengenezo na waliopokea hawakuliweka. Sadaka ya kuendelea imekatika kwa kukosa mpira wa pampu wa bei ndogo.

Katika msikiti ninaoswali mimi tulikuwa na kisima kilichowauzia majirani ndoo kwa miaka mitatu. Siku mota ilipoungua, kamati ilisimama Ijumaa kuomba mchango. Mzee mmoja wa safu ya nyuma aliuliza fedha za ndoo za miaka mitatu ziko wapi. Hakukuwa na mwizi, nashuhudia hilo. Zililipia umeme, mlinzi, futari, safari ya mgonjwa, jeneza. Lakini hakikuwapo kitabu, na pasipo kitabu mwaminifu na mwizi hufanana. Tuliona haya, na haya yetu ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa mwezi mmoja nyuma khutba ilikuwa juu ya ufisadi wa mashirika ya umma.

Tangu hapo umewekwa ubao ukutani, upande wa nje, si ndani ya msikiti. Wengi wa wanunuzi wetu ni majirani wasiokuwa Waislamu, na ndoo zao ndizo zilizonunua mota mpya. Wana haki ya kuusoma bila ya kuvua viatu. Huandikwa ndoo zilizouzwa, fedha zilizoingia, umeme, fundi, akiba ya matengenezo na kilichobaki. Anayetaka kutoa futari kwa masikini kutokana na fedha hizo huomba ruhusa kwanza, na mara mbili amenyimwa. Ubao huo umetuletea ugomvi zaidi ya mmoja. Mwezi uliopita zilipungua shilingi 14,000, na jirani mmoja muuza vitumbua ndiye aliyegundua kabla yetu. Mhazini alizitafuta siku tatu mpaka akazikuta katika risiti ya fundi aliyoisahau mfukoni mwa kanzu.